Jiwe Lenye Ndimi Mbili: Hoja Zilizofichwa Katika Maandishi ya Orkhon

Katika bonde la mto Orkhon, Mongolia ya kati, mahali paitwapo Khöshöö Tsaidam, mwaka 732 lilisimamishwa jiwe la kumbukumbu ya mwanamfalme Kul Tigin. Kimo chake kinazidi mita 3, upana ni takriban mita 1.3, na unene unakaribia nusu mita. Uso wa magharibi umechongwa maneno ya Kichina yaliyotungwa na Mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang. Nyuso tatu zilizobaki zimejaa Kituruki cha kale. Upande wa Kichina unasema kagani, yaani mfalme mkuu, wa Waturuki ni kama mwana wa mfalme wa China, kwa hiyo msiba ni wa nyumba moja. Upande wa Kituruki unawaonya Waturuki kwamba waliponzwa na maneno matamu na hariri laini za Wachina, na kwamba wengi wao walikufa kwa sababu hiyo. Marehemu ni yule yule, na jiwe ni lile lile.

Wanaoandika juu ya mawe haya mara nyingi huuchukua upande wa Kituruki peke yake, wakauita sauti ya taifa, wakaishia hapo. Huko ni kulipunja jiwe. Maandishi ya Orkhon ni hotuba ya ukoo wa kifalme uliokuwa na kila sababu ya kujitetea, na thamani yake kubwa kwa historia hujitokeza pale yanapopingana: uso mmoja na mwingine, jiwe moja na jirani yake, maneno ya mawe na kumbukumbu za Wachina. Anayeyasoma kama orodha tupu ya vita na ushindi atapata mashujaa. Anayeyapambanisha atapata siasa yenyewe ya nyika ilivyokuwa ikiendeshwa.

Waturuki hawa si raia wa Uturuki ya leo. Ni wafugaji wa farasi wa nyika za Mongolia na Asia ya Kati waliounda dola mwaka 552 chini ya Bumin. Dola hiyo ya kwanza iligawanyika, na upande wake wa mashariki ukaangushwa na Tang mwaka 630. Kwa takriban miaka 50 wakubwa wao walitumikia jeshi la China. Kisha mwaka 682 Ilterish, baba yake Kul Tigin, akaasi na kuanzisha dola ya pili, iliyodumu hadi miaka ya 744 na 745 ilipovunjwa na muungano wa Wabasmili, Wakarluki na Wauighuri. Mawe makubwa matatu tunayoyaita ya Orkhon yanatoka kwenye dola hii ya pili: la Kul Tigin (732), la kaka yake Bilge Kagani (735), na nguzo mbili za mshauri wao Tonyukuk. Nguzo hizo hazipo Orkhon hata kidogo, ziko Bain Tsokto karibu na Nalaikh, kusini-mashariki mwa Ulaanbaatar.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo nyuso mbili za jiwe zinaposaidiana badala ya kupingana. Kituruki kinasema Kul Tigin alikufa mwaka wa kondoo, siku ya 17. Kwa kalenda yetu hiyo ni 27 Februari 731. Mazishi yalifanywa mwezi wa tisa siku ya 27, yaani 1 Novemba mwaka huo huo. Jengo, sanamu na jiwe vikakamilika mwaka wa nyani, mwezi wa saba, siku ya 27, sawa na 21 Agosti 732. Uso wa Kichina nao una tarehe yake: mwezi wa saba, siku ya 7, yaani 1 Agosti 732. Tofauti ni siku 20. Mwandishi wa upande wa Kituruki, Yollug Tigin, aliyekuwa jamaa wa kagani, anasema mwenyewe kwamba alikaa siku 20 akaandika. Hesabu hizi zinaoana mno kuweza kupuuzwa. Zinaashiria kwamba uso wa Kichina ulitangulia kukamilika, na kwamba maneno ya Kituruki yaliandikwa jiwe likiwa tayari limebeba baraka za Xuanzong. Kama ndivyo, onyo dhidi ya hariri ya China liliwekwa kwa makusudi, ubavuni mwa mkono wa rambirambi wa China.

Tena mafundi wenyewe walitoka China. Jiwe linasema wazi kwamba kagani, yaani Bilge, aliomba wachoraji na wachongaji, naye mfalme wa Tang akampelekea mafundi wake wa ndani. Kasa wa jiwe aliyebeba bamba na mazimwi waliochongwa juu yake ni mtindo wa makaburi ya wakubwa wa Tang. Orodha ya waliohudhuria mazishi inawataja wajumbe wa Wakitani na Watatabi, wa China, wa Tibet, wa Wasogdi na Bukhara, wa Waturgeshi na wa Wakirgizi. Mjumbe wa China, kwa maandishi hayo hayo, alileta hariri elfu kumi pamoja na dhahabu na fedha. Kwa hiyo kagani anayewakataza watu wake wasiisogelee hariri anaorodhesha kwa fahari hariri aliyoletewa. Wapo wanaouona huu kuwa unafiki. Mimi naona ni hesabu ya utawala: hariri ikipitia mikononi mwa kagani inamjengea wafuasi, ikimfikia kila mkuu wa kabila moja kwa moja inamvunjia dola. Onyo lile lilikusudiwa kwa wakuu wa makabila waliosimama pale, na linawataja kwa vyeo vyao.

Sasa tuje kwenye kile jiwe lisichokisema. Mwaka 716 Kapagan Kagani, ami yao Kul Tigin na Bilge, aliuawa na watu wa kabila la Bayirku akirudi kutoka vitani. Kumbukumbu za Tang zinaeleza kilichofuata: Kul Tigin aliwaua wana wa Kapagan na washauri wake wengi, kisha akamweka kaka yake Bilge kwenye kiti. Tonyukuk aliachwa hai, maana binti yake alikuwa mke wa Bilge. Jiwe linasema tu kwamba kagani ami yao alifariki, na kwamba Tengri, yaani Mungu-Anga, ndiye aliyemkalisha Bilge juu ya kiti ili jina la watu wa Kituruki lisipotee. Damu ya binamu haimo. Ukilijua pengo hilo, sehemu yote ya mwanzo inasomeka upya. Ile anga ya buluu juu, ardhi ya kahawia chini, wanadamu katikati yao, Bumin na nduguye Istemi wakitawala, kisha watoto wasiofanana na baba zao wakiiharibu dola, ni utangulizi wa mtu anayehitaji kueleza kwa nini tawi lake la ukoo ndilo halali. Wana wa Kapagan hawatajwi popote kama warithi walioporwa. Wamefutwa kwa kimya.

Jiwe la Tonyukuk linazidi kulifungua jambo hili. Uso wa mashariki wa Kul Tigin unasema Ilterish alitoka na watu 17, wakawa 70, kisha 700, Tengri akawapa nguvu, jeshi lake likawa kama mbwa mwitu na adui kama kondoo. Tonyukuk hamtaji hata mmoja wa wale 17. Anaanza na wale 700, theluthi mbili wamepanda farasi na theluthi moja kwa miguu, na anasema yeye ndiye aliyeamua Ilterish awe kagani. Anakiri hata wasiwasi wake wa wakati ule: fahali aliyekonda na fahali mnono ukiwaona kwa mbali hutajua yupi ni yupi. Mwishoni anaandika kwamba kama Ilterish asingejitahidi, na kama yeye Tonyukuk asingejitahidi, pasingekuwapo dola wala watu. Jiwe la Kul Tigin halimtaji Tonyukuk hata mara moja. Kwenye jiwe la Bilge jina lake linaonekana katika orodha ya wakuu, basi.

Hapa tuna mambo mawili yaliyoandikwa ndani ya miaka michache, na watu waliokaa hema moja, juu ya tukio lile lile: ukoo unasema dola ilitoka kwa Tengri na kwa damu ya baba yao, mshauri anasema ilitoka kwenye akili yake. Kwa mwanahistoria hii ni hazina kuliko orodha yoyote ya vita. Dola nyingi za wafugaji wa nyika tunazijua kwa maneno ya majirani zao waliokaa mijini tu. Hii ya pili ya Waturuki tunaijua kwa ugomvi wake wa ndani.

Tonyukuk pia ndiye mwandishi bora wa mambo ya vita, na inashangaza anavyosomwa kidogo. Safari yake dhidi ya Wakirgizi inaeleza kwamba njia ya kuvuka milima ya Kögmen ilikuwa moja, nayo imezibwa na theluji. Akamtafuta mtu wa kabila la Az aliyeijua njia nyingine. Wakapanda wakiwavuta farasi, wamejishika kwenye miti. Mwongozaji akapotea njia, akachinjwa. Wakaendelea na kuwashambulia Wakirgizi usingizini. Linganisha na jiwe la Kul Tigin, ambako shambulio hilo hilo limekuwa theluji yenye kina cha mkuki na ushindi wa haraka. Pale ambapo Kul Tigin anapewa ufafanuzi ni kwenye farasi wake. Katika vita na Jenerali Chacha wa China alipanda farasi wa kijivu wa Tadik Chor, akafa. Akapanda wa Ishbara Yamtar, akafa. Akapanda farasi mwekundu wa Yegin Silig Beg, naye akafa. Mishale zaidi ya 100 ilimpata kwenye deraya na joho, hakuna uliomgusa uso wala kichwa. Kutaja mwenye farasi kila mara si pambo la sifa. Ni kulipa deni hadharani kwa koo zilizotoa wanyama wao.

Vita hivyo ndipo msomaji asiye mwangalifu anapojikwaa kwenye tarakimu. Maandishi yanasema Kul Tigin alikuwa na umri wa "moja thelathini". Si 31, ni 21, maana mtindo wao wa kuhesabu huweka mamoja kwanza kisha kumi linaloelekewa: moja kwenye safari ya kuelekea thelathini. "Saba thelathini" ni 27, "saba ishirini" ni 17. Kosa hili linajifichua lenyewe kwenye siku za mwezi, kwa kuwa hakuna siku ya 37. Kwenye umri halijifichui, na hapo ndipo linapoleta madhara. Alikufa akiwa na miaka 47 mwaka 731. Ukisoma 21, vita na Chacha vinaangukia mwaka 705 au 706, na kumbukumbu za Tang zinaandika kushindwa kwa jenerali huyo mwaka 706. Ukisoma 31, unavipeleka karibu mwaka 715 na kila kitu kinavurugika. Ule umri wa 47 umeandikwa kwa mtindo mwingine kabisa, "arobaini na ziada saba". Mitindo miwili ndani ya jiwe moja.

Hati yenyewe ina herufi zinazokaribia 40, na huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwenye bamba lililosimama mistari hukimbia kutoka juu kwenda chini. Nukta mbili hutenga maneno au mafungu ya maneno. Irabu zina alama nne tu, kila moja ikibeba sauti mbili: a na e, ı na i, o na u, ö na ü. Aliyewahi kusoma tenzi zetu za zamani kwa hati ya Kiarabu anaijua shida hii, pale alama moja inapoweza kuwa u au o na msomaji akaamua kwa maana. Ila Waturuki walikuwa na dawa. Konsonanti zao nyingi, zikiwamo b, d, g, l, n, r, s, t, y na k, zina herufi mbili mbili, moja kwa maneno yenye irabu za nyuma ya kinywa na nyingine kwa yale ya irabu za mbele. Kwa kuwa Kituruki hakichanganyi makundi hayo ndani ya neno, ukiiona konsonanti unajua irabu ni za kundi gani hata kama hazikuandikwa. Neno Tengri huandikwa kwa herufi nne: t ya mbele, ng, r ya mbele, i. Ile e imeachwa, na haihitajiki.

Mfumo huu ndio uliompa Vilhelm Thomsen, mwanaisimu wa Denmark, ufunguo mwaka 1893. Nikolai Yadrintsev alikuwa amelifikia bonde la Orkhon mwaka 1889, msafara wa Wafini ukiongozwa na Axel Heikel ukafuata mwaka 1890, kisha wa Warusi chini ya Wilhelm Radloff mwaka 1891. Thomsen alifanya kazi kwa nakala zilizochapishwa. Herufi zilikuwa nyingi mno kwa alfabeti ya kawaida na chache mno kwa hati ya silabi, na baadhi hazikukaa kamwe neno moja na nyingine. Akahitimisha kuwa ni jozi zinazofuata irabu. Uso wa Kichina ulimpa jina la marehemu, na maneno ya mwanzo kusomeka yakawa Tengri, Kul Tigin na Türk. Tarehe 15 Desemba 1893 aliwasilisha kazi yake mbele ya Chuo cha Kifalme cha Sayansi cha Denmark. Radloff, aliyekuwa na nakala bora zaidi, akatumia ufunguo huo na kutoa tafsiri mapema mwaka 1894, kwa haraka iliyoacha makosa mengi. Na tuliache jina la "runi" yalilopewa maandishi haya. Lilitokana na kufanana kwa sura na herufi za Skandinavia tangu mawe ya mto Yenisei yalipoonwa mwaka 1721 na Messerschmidt na Strahlenberg. Undugu haupo, chimbuko linalokubalika zaidi ni hati za jamii ya Kiaramu, yaelekea kupitia Wasogdi.

Wasogdi hao, wafanyabiashara wa Samarkand na Bukhara, ndio wanaoipunguza kidogo ile kauli kwamba Orkhon ni mwanzo wa kila kitu. Jiwe la Bugut, la miaka ya 580, lilisimamishwa na dola ya kwanza ya Waturuki, na halina Kituruki. Nyuso tatu ni Kisogdi, ya nne ni hati ya Brahmi, yenye asili ya India, ambayo Dieter Maue na Alexander Vovin wameisoma kuwa lugha ya jamii ya Kimongoli. Yaani kwa vizazi kadhaa watawala wa Kituruki waliandika kwa lugha za wengine. Kilicho kipya katika dola ya pili ni uamuzi wa kuandika kwa lugha ya watu wao na kulisimamisha jiwe mbele yao, baada ya miaka 50 ya utumishi ambamo, kwa maneno ya jiwe, wakuu waliacha majina yao ya Kituruki wakashika ya Kichina. Huo ni uamuzi wa kisiasa, na nauhesabu kuwa mkubwa kuliko vita vyote vilivyoorodheshwa.

Hali ya mawe nayo ina neno lake katika kila tafsiri. Jiwe la Bilge lilianguka na kuvunjika vipande kadhaa, na uso wake umelika vibaya. Maji huingia kwenye nyufa, na baridi ya Mongolia inayoshuka hata zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri huyagandisha na kuutawanya uso wa jiwe chembe kwa chembe. Wataalamu wa karne ya 19 walinakili kwa karatasi iliyoloweshwa, ikapigwa kwa brashi hadi iingie kwenye machongo, ikaachwa ikauke na kubanduliwa. Nakala hizo leo zina herufi ambazo jiwe limeshazipoteza. Lakini baadhi ya mabamba katika atlasi ya Radloff yaliguswa kwa mkono ili herufi zionekane vizuri, na mguso huo ulifuata alivyodhani yeye. Herufi ya kudhaniwa ikishachapwa mara tatu huanza kunukuliwa kama imechongwa.

Kwa Bilge kuna mtego wa ziada. Sehemu kubwa ya maneno yake inarudia ya Kul Tigin, hivyo wahariri huziba mapengo ya jiwe moja kwa maneno ya jingine. Mara nyingi ni sawa. Ila Yollug Tigin, aliyesema alikaa mwezi mmoja na siku nne akiandika jiwe la Bilge, hakunakili tu. Aliongeza vita, na mahali pengine akabadilisha maneno. Kuziba pengo kwa maneno ya jiwe la Kul Tigin ni kulifuta lile ambalo huenda Yollug alilibadilisha. Chapisho lolote lisiloweka mabano kwenye herufi za kukisiwa halifai kujengewa hoja.

Upande wa Yenisei, kwa Wakirgizi wa kale, kuna maandishi mafupi zaidi ya 200, nayo ni ya aina nyingine. Hakuna dola inayojitetea. Marehemu mwenyewe anasema ametengana na mkewe, wanawe na watu wake, hakuwashiba, hakulishiba jua na mwezi. Radloff aliyadhani kuwa ya zamani kuliko ya Orkhon. Wengi leo huyaweka karne ya 8 hadi ya 10 na baadaye. Hayana tarehe, hivyo mtu asiyatumie kama ngazi ya mwanzo ya hati.

Leo mawe haya yamekuwa nembo. Hati yake imo kwenye noti ya manati 5 ya Azerbaijan, na mfano wa jiwe la Kul Tigin umewekwa Astana. Bonde la Orkhon liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2004, na mabamba yenyewe ya Khöshöö Tsaidam yamehamishiwa ndani ya jengo la makumbusho. Fahari hiyo imeleta fedha za uchimbaji na hifadhi, na naipokea. Inaleta pia haraka. Mwezi Agosti 2022 ilitangazwa kwamba katika bonde la Nomgon, Mongolia, limepatikana jiwe lenye Kituruki na Kisogdi linalohusishwa na Ilterish mwenyewe. Magazeti yaliliita mara moja jiwe la kale kuliko yote yenye jina la Waturuki. Iwapo linasimama, ni kauli ya tatu juu ya kuzaliwa kwa dola ya pili, na pengine litaamua kati ya wale 17 wa Kul Tigin na fahali wa Tonyukuk. Ili lifanye kazi hiyo yatakiwa picha za kila mstari kwa mwanga wa ubavu, vipimo, herufi zilizosomwa zikitengwa na zilizokisiwa, na usomaji wa Kisogdi uliofanywa na mtu asiyeongozwa na ule wa Kituruki.